Kitatange wa marehemu Hajira ana vidoa vyeupe

Bi Muzdalifa mpendwa,

Nakuja kwako na shida, na ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize ndipo usome, maana najua wenzangu wanakuandikia habari za wake wenza na nyumba ndogo, na mimi mwanamume mzima mwenye kitambi na mvi nakuandikia habari za samaki, tena si wa kukaanga. Mimi ni Ridhiwani, fundi cherehani hapa Kibiti, na mke wangu Hajira alikuwa mtu wa Mbuchi, kule delta ya Rufiji, na nilipomwoa nikamleta huku barabarani akawa analalamika kwamba vumbi letu linamkausha mpaka ndoto, basi nikamtengenezea kwa fundi wa vioo tangi refu kama meza yangu ya kukatia vitambaa, kaka yake Mudrick akawa anatuletea maji ya bahari kwa madumu, tukatia mchanga na mawe na vikamba na samaki wadogo wa rangi, na kitatange mmoja wa njano ambaye Hajira alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikuona wivu, au niliona kidogo.

Hajira alikuwa na sharti lake. Kila samaki mgeni alikaa kwanza peke yake uani, ndani ya beseni lenye pampu yake ya hewa, wiki nyingi, na ole wako utie mkono kwenye beseni kisha uutie kwenye tangi. Alimwita mwali. Mimi nikimtania, "Na huyu mwali wako anachezwa lini?" naye, "Kashone nguo za watu, baba, usinitolee mwali kabla ya siku zake." Nikawa nacheka tu, sikuwahi kuuliza sababu, nilidhani ni mambo ya kwao.

Hajira alinifia mwezi wa Rajabu. Siku ya hitima ya arobaini nyumba imejaa watu, Mudrick akafika kutoka Mbuchi na ndoo, ndani mna samaki wawili wazuri ajabu, akasema mbele ya wote, "Shemeji, sikuwa na cha kumletea dada. Hawa ni wa kwetu, watie pamoja na wake." Nikasema labda niwaweke uani kwanza, na shangazi yao Bi Mwanaharusi akadakia kutoka mkeka wa kina mama, "Uani? Huko karibu na choo? Zawadi ya mfiwa ndiyo inawekwa uani, Ridhiwani? Au sisi watu wa delta tunanuka tope?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, nikaona haya, nikamwacha Mudrick akamimina ndoo yote, samaki na maji yake, huku machozi yanamtoka.

Hazikupita siku nyingi nikaona vidoa vyeupe kwenye mapezi kama mtu kawanyunyizia chumvi, wanajisugua kwenye mawe, wanahema haraka haraka, kisha vidoa vikatoweka nikashukuru Mungu nikapika pilau peke yangu, lakini vikarudi vingi zaidi, na wakaanza kufa, wa Hajira na wa Mudrick wote, nikawa nawazika chini ya mpapai mmoja mmoja kama mwendawazimu. Wamebaki vikamba viwili na kitatange, na kitatange naye sasa ana vidoa. Asubuhi ya mwisho Hajira kusimama kwa miguu yake, alikwenda kumlisha yeye kabla hajaniuliza kama nimekunywa chai.

Mudrick hunipigia kila akitoka msikitini Ijumaa. "Shemeji, wanaendeleaje wale?" Nasema, "Wazima, wanakula." "Wamezoeana na wa dada?" "Kama ndugu, shemeji." Anataka kuja kuwaona, nami nimeshasema nina mafua, nimesema nimekwenda Ngarambe, nimesema mafua tena. Maji masafi ya bahari yananiishia kwa sababu anayeyaleta ndiye ninayemkwepa. Jirani yangu Sadala, mkulima wa korosho, anasema tia mrututu, ile dawa ya buluu ya kupulizia mimea, mwingine anasema toa samaki, tangi likae tupu miezi, na hilo ndilo siwezi, Bi Muzdalifa, kwa sababu nikiingia ndani kutoka kazini kuna kiumbe kimoja tu kinachogeuka kunitazama. Nifanye nini asife? Na Mudrick nimwambie nini?

Ridhiwani wa Kibiti

*

Ridhiwani,

Pole sana kwa Hajira. Sikucheka, isipokuwa hapo kwenye mafua ya pili. Ujuzi wangu wa samaki unaishia kwenye tui la nazi, kwa hiyo nimewauliza wafugaji wa samaki wa maji chumvi, na wamenijibu kwa namna ambayo ingemfurahisha marehemu mkeo.

Mrututu usiutie kwenye tangi. Mawe na mchanga vitaunywa, vikamba vitakufa, na wewe huna kipimo cha kujua umetia dawa au sumu. Mwambie Sadala akapulizie korosho zake.

Vile vidoa ni wadudu. Wanamnyonya samaki, wakishiba wanadondoka, wanajificha kwenye mchanga na mawe, wanazaana humo, kisha watoto wao wanapanda kutafuta samaki mwingine. Siku uliyopika pilau hawakuwa wamekufa, baba, walikuwa chini wanaongezeka. Ndiyo maana mwali wa Hajira alikaa peke yake: kama mgeni ana wadudu, waonekane kwenye beseni, wasiingie nyumba nzima. Ulikaa miaka na mtu mwenye akili hiyo ukamwuliza habari za ngoma.

Sasa sikia. Mtoe kitatange leo. Chukua mabeseni mawili, yasiwe na mchanga wala jiwe, umwekee pampu ya hewa na kipande cha bomba la plastiki ajifiche. Kila siku ya tatu mhamishie beseni la pili lenye maji mapya ya bahari, yaliyo sawa na ya mwanzo kwa chumvi na kwa joto. La kwanza limwage, lioshe, lianike juani likauke kabisa. Fanya hivyo mara nne au tano. Wadudu wakidondoka wanamwagwa kabla watoto wao hawajatoka. Wavu wake, kikombe chake na pampu yake visiguse tangi. Vikamba vibaki kwenye tangi, uvilishe kidogo, pampu iendelee kufanya kazi, na samaki asirudi humo kabla ya miezi miwili na zaidi, maana bila samaki wale wadudu wanakufa njaa. Nyumba itakuwa nzito, najua. Hamishia cherehani yako uani ushonee karibu na beseni, si lazima ukae unatazama kioo kitupu. Na kuanzia sasa, hata samaki aletwe na mufti, akae uani kwanza na maji aliyokuja nayo yamwagwe.

Umeona kinachotakiwa hapo? Maji ya bahari, mengi, kila siku ya tatu. Tena yasiwe ya mdomo wa mto ambako Rufiji imeshaipunguza chumvi. Kibiti nzima huna mtu wa kukuletea maji hayo ila Mudrick. Kwa hiyo uongo wako, ambao najua umeusema kwa huruma, ndio unaomnyima kitatange dawa.

Usimwambie kwamba samaki wake wameua wa dada yake. Yeye hakujua. Wewe ulilijua sharti ukaona haya mbele ya Bi Mwanaharusi, kwa hiyo anza na lako. Ataumia, na utamsikia kwenye simu. Ngoja, usikate. Yule ni mtu aliyefiwa kama wewe, na kila wiki anatafuta sababu ya kusikia sauti ya nyumba ya dada yake, nawe unampa hadithi.

Siwezi kukuahidi kwamba kitatange atapona. Aliyechelewa hivyo huweza kufa hata kwenye beseni safi, nawe ujiandae. Ila msiba huu ni wenu wawili na umekuwa ukiubeba peke yako kwa kiburi cha fundi. Chukua simu. Akikuuliza wanaendeleaje, mjibu: "Wamekufa, shemeji. Amebaki mmoja. Njoo na maji."