Susu Kavindu wa Kola, Uliyemwoa Mama Yetu

Mwaka umeisha, Susu, tangu ulale pale hospitali na ukose kuamka. Mimi Mumo ndio nimeambiwa niandike, juu nimemaliza Fomu Foo na kila mtu anasema nakaa bure. Nitaandika vile naongea. Hata wewe Kiswahili ya barua ulikuwa unaicheka.

Wale wanasoma na hawatujui, wajue hivi. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Bwana yako Bartholomew alikufa kabla mpate mtoto. Ukakataa jina yake iishe. Ukapeleka mbuzi Kalama kwa kina Kasiva, ukamwoa vile Wakamba wameoana tangu zamani, mwanamke na mwanamke. Mke kama huyo sisi tunamwita iweto. Mimi na Linet, watoto wa Kasiva, ni watoto wa hiyo nyumba. Mwanaume aliyenizaa namjua, tunasalimianaga sokoni, ni mtu mzuri, ako na kwake. Kwetu ni kwako.

Ulikuwa mkali. Ulichimba mitaro ya shamba na gumboot, na wenzako wa rika wanaota jua tu. Tukichelewa kuamka ulituita ng'ombe, halafu unatuwekea muthokoi, yale mahindi na maharagwe, ile ya chini yenye imeshika sufuria, juu ulijua ndio tunapigania.

Na ulikuwa unaaga. Ukienda sokoni, "Kasiva, naenda sokoni." Ukienda choo, "Kasiva, naenda hapo." Mama anajibu, "Haya, enda." Siku moja nikakuuliza, kwani Susu, choo pia ni safari? Ukaniambia, "Kijana, nilikaa miaka mingi natoka kwa hii nyumba bila mtu wa kuambia. Unafikiri nilioa ya nini?" Mimi nilidhani ulioa ya watoto.

Sasa kuna maneno hapa, Susu, na sitaficha.

Jumapili tulikaa na katekista kupanga misa yako. Ankal Kioko, mtoto wa ndugu ya Bartholomew, akasema yeye ndio atatuambia majina ya kuweka gazeti. Akajitaja wa kwanza. Mama alikuwa wa mwisho. "Kasiva, msaidizi wa nyumbani."

"Msaidizi wa nani?" Linet akauliza.

"Tulia wewe. Watu wa kanisa watasoma. Na misa ikiisha, shamba inarudi kwa familia. Nishaongea na watu wa kupima."

Nikasimama. Mama akanivuta shati nikae.

"Kasiva, tusidanganyane," Ankal akasema. "Ndoa ni bwana na bibi. Nyinyi wawili mlikuwa mnafanya nini hapa?"

Unajua mama habishani na mtu. Hata kuku ikiingia jikoni, yeye huiomba itoke. Na nilijua akinyamaza leo, tumekwisha. Alikuwa anamenya kiazi. Akaimenya hadi karibu iishe.

"Alikuwa ananiaga," akasema.

"Ati nini?"

"Akitoka, alikuwa ananiaga. Wewe Kioko, bibi yako anajua uko wapi saa hii?"

Aunti Emily, bibi ya Kioko, alikuwa amekuja kutusaidia na chai. Ndio alikuwa anatoka jikoni saa hiyo, amefika kwa mlango na chupa.

"Mimi nilijua ako Machakos kwa fundi wa pikipiki," akasema.

Susu, katekista alicheka hadi akajifanya anakohoa. Ankal hakucheka. Aliinuka akachukua kofia. "Sawa. Chekeni. Lakini mkiandika huyo ni mke, tupatane kwa chifu. Na sitakuja peke yangu." Akatoka. Hakuambia mtu anaenda wapi.

Watu wakaisha. Nikamuuliza mama kitu sijawahi kumuuliza: kwa nini alikubali, na kulikuwa na vijana wanamtaka?

"Hao walikuja kuongea na baba yangu," akasema. "Kavindu alinifuata shambani, akaniuliza mimi. Akasema, ukikataa nitarudi kwangu, hakuna ubaya. Nikamwambia arudi kesho. Akarudi."

Mimi sijui kama nitaoa. Lakini tangu hiyo siku nafikiria sana hiyo maneno.

"Sasa niandike nini, mama? Ankal hachezi. Tunaweza tolewa hapa."

Aliogopa, Susu, siwezi kukudanganya. Akafunga leso yake vizuri. "Andika vile iko. Kwa chifu nitaenda na miguu yangu."

Basi nimeandika.

Unakumbukwa na mke wako, Kasiva. Unakumbukwa na watoto wako, Linet na Mumo. Na Aunti Emily, ambaye ametuma ujumbe leo asubuhi tumweke, na akasema tumweke karibu na mama. Ankal Kioko, ukitaka jina yako iingie hapa, sema. Hakuna mtu amekufukuza.

Misa ni Jumamosi, Kola, nyumbani kwa Kavindu na Kasiva. Mwenye anataka kuja aje, chai iko.

Susu, sisi hatuhami. Na hakuna siku tutakusahau.