Wazee Kumi na Watatu Kabla ya Pampu Moja

Mpendwa mshauri Agnes Keji, naomba msaada wako, na kama utanigombeza basi nigombeze baada ya kusoma mpaka mwisho, maana barua hii nimeiahirisha mara nne na sasa hata kuahirisha kumenichosha.

Mimi naitwa Ezati, mtu wa Logiri, nina duka la pampu za maji hapa Arua na karakana Koboko, ambako fundi wangu mkuu ni dada mmoja anaitwa Nabila, na wateja wetu wengi ni wakulima wa mboga wanaomwagilia wakati wa kiangazi, wa Ajia, wa Koboko na wa ng'ambo ya mpaka, watu ambao pampu ikizimika asubuhi wanamtaka fundi kabla jua halijawa kali. Mwaka jana tukaamua kuwa na tovuti, nikamtafuta Prossy, dada anayefanya kazi hiyo hapa mjini, akatengeneza ukurasa wa kwanza wenye picha ya pampu, maneno "Pampu yako imesimama? Tupigie," na namba ya simu kubwa kama kichwa cha gazeti, basi. Nilipouona nikasema huu ni ukosefu wa adabu, unamwingizaje mtu nyumbani bila kumwonyesha wenye nyumba?

Kwa sababu hapa kuna jambo, mshauri. Kiwanja cha duka nilipewa na baba yangu mdogo, Mzee Adriko, ambaye alikuwa akitengeneza baiskeli hapo hapo tangu kabla sijazaliwa, hakuwa na kibao wala jina ukutani, alitundika tu gurudumu moja juu ya nguzo kando ya barabara na watu wakaja, naye ndiye aliyenifundisha kushika spana baba yangu alipofariki. Ningefunguaje tovuti yeye asiwe wa kwanza? Nikamwambia Prossy aweke picha yake juu kabisa, na salamu zake za kukaribisha wageni. Ukoo ukasikia. Ukimweka Adriko ukamwacha kaka yake mkubwa, umemtukana. Ukiweka upande wa baba, upande wa mama wanauliza kama wao ni majivu. Halafu mzee wa kanisa, halafu mwenyekiti wa soko, halafu jirani wa Koboko aliyeturuhusu kupitisha bomba, mpaka wakafika kumi na watatu, kila mmoja na cheo chake, kila mmoja na suti yake. Prossy akaniambia, "Bosi, hii siyo tovuti tena, hii iko meza kuu ya harusi." Nikamjibu vibaya mbele ya watu, nikamwambia afanye alichoambiwa. Alifanya, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Sasa wiki iliyopita mkulima wa vitunguu anaitwa Sule alifika karakana ya Koboko kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, kwa boda, vumbi mpaka kwenye kope, pampu imelala mapajani kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa imesimama siku tatu, na ile karatasi yenye namba yetu alikuwa ameipoteza. Nabila akanipigia, akampa Sule simu ili nimsikie mwenyewe. "Bosi, miye nilifungua ile kitu yenu ya kwa simu. Ikaleta mzee moja. Nikangoja. Ikaleta mzee ingine. Bando ikaisha, pampu sikuona. Sasa uniambie, hii ni duka ao ni matanga?" Nikamsikia Nabila akianza kucheka kisha akaacha, kwa sababu Sule hakuwa anacheka, nusu ya vitunguu vyake vilikuwa vimekauka. Alipoondoka, Nabila akaniambia, "Ezati, mimi iko hapa na spana mkononi, hakuna mutu anapiga simu. Watu wanaenda kwa wengine. Kama kiangazi hii itaisha hivi, mimi natafuta kazi ingine, usiniulize." Bila Nabila, mshauri, karakana ya Koboko ni mlango tu.

Lakini kila Jumapili baada ya ibada Mzee Adriko anakuja kwangu, anakaa, ananyoosha mkono na kusema, "Leta ile kitu, nijione." Namfungulia, anajitazama ndani ya suti yake, anawapitishia na wengine simu wamwone. "Huyu iko mimi." Ana miaka themanini na moja, miguu imekataa, hana furaha nyingine ninayoijua. Nikimwondoa pale juu atasema nimemfukuza kwenye kiwanja alichonipa yeye mwenyewe. Nikimwacha, nampoteza Nabila na Koboko yote. Kiangazi kimeshaanza. Nifanye nini?

Ezati, Arua

*

Ezati,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa nakugombeza.

Nimechoka, ndugu yangu. Nina miaka mingi nafungua tovuti za kwetu na zote zinanisalimia mpaka nasahau nilichofuata. Nafungua ya hoteli, napewa hotuba ya mwenyekiti wa bodi. Nafungua ya zahanati, naona mzungu akimpa mkono mzungu mwenzake ndani ya jengo la vioo ambalo halipo Arua wala Koboko. Nafungua ya shule, maneno ya kunikaribisha yanatembea kwenye kioo kama siafu, lakini shule iko barabara gani, hakuna aliyekumbuka kuandika. Tumechukua sherehe zetu, zile ambazo wageni wa heshima wanatambulishwa mmoja mmoja huku chakula kinapoa, tukazisukuma ndani ya simu. Kwenye sherehe watu wanavumilia kwa sababu wameiona nyama. Kwenye simu hakuna nyama. Mtu anaondoka, wala husikii kiti kikisogea.

Tovuti yako niliijaribu jana mchana nikiwa kituo cha magari Koboko, kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka na mtandao huu huu anaoutumia mteja wako. Kwa dakika nne nilimtazama Mzee Adriko akijitokeza, kwanza paji la uso, kisha macho, kisha tai. Picha ile ilipigwa iwe kubwa ya kutundikwa ukutani, na hakuna aliyeipunguza. Namba ya simu niliikuta chini ya mzee wa kumi na tatu, rangi ya kijivu juu ya nyeupe, tena imechorwa ndani ya picha, kwa hiyo huwezi kuibonyeza ikapiga. Inabidi uitafutie kalamu. Sule alikuwa shambani, mikono ina tope. Kalamu angeitoa wapi?

Unasema unamheshimu mzee. Mimi nasema unamtumia. Umemsimamisha mlangoni awafukuze wateja, na hujamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi uliyompa. Sule alipokasirika alisema "mzee moja," hakusema Ezati. Mtu aliyejulikana miaka yote kwa kuwasaidia waliokwama njiani, leo ng'ambo ya mpaka anajulikana kama kitu kinachomaliza bando. Hilo umelifanya wewe, kwa sababu uliogopa lawama za ukoo kuliko ulivyoogopa kuharibu kazi. Na aliyekuambia ukweli mapema, mwenye ujuzi wake, ulimfokea mbele ya watu.

Sasa nikupoze kidogo. Hofu ya kuonekana umemsahau aliyekulea si ya kipuuzi, nami pia nimekaa kwenye vikao vya ukoo, najua jinsi picha moja inavyoweza kugawa watu miaka kumi. Sitakuambia umfute. Lakini jibu uliliandika mwenyewe ukalipita mbio. Gurudumu, Ezati! Mtu aliyepasukiwa tairi aliona gurudumu juu ya nguzo, akajua hapa nitasaidiwa, akasimama. Mzee Adriko hakutundika uso wake pale, wala wa baba yake, wala wa mwenyekiti wa soko. Utamwambia naye alikosa adabu?

Jumapili hii, akinyoosha mkono, usimfungulie picha yake. Mpe simu mkononi umwambie, "Baba, pampu yako imesimama, vitunguu vinakauka, tafuta namba ya fundi." Kisha funga mdomo. Usimwonyeshe kwa kidole, usimsaidie, usikohoe. Mwache akutane mwenyewe na wale kumi na watatu. Akichoka, msomee maneno ya Sule, yote, hata lile la matanga, halafu umuulize yeye gurudumu angelitundika wapi. Yeye ni fundi kabla yako. Umemfanya picha kwa mwaka mzima, mrudishie ufundi wake.

Jumatatu nenda kwa Prossy. Nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe, na kama ulimfokea mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu. Mwombe arudishe ukurasa ule wa kwanza kama alivyoutengeneza, pampu, swali na namba ambayo mtu akiigusa inapiga. Chini yake semeni mnatengeneza nini, karakana iko barabara gani na mnafungua saa ngapi. Wekeni picha ya Nabila akiwa kazini, nyepesi, ifunguke hata mtandao ukiwa dhaifu. Na andikeni kama wateja wenu wanavyosema. Sule anasema pampu imesimama, basi msimwandikie habari za "suluhisho endelevu la huduma za maji."

Mzee Adriko apewe ukurasa wake mwenyewe, wenye historia ya lile gurudumu, aisimulie kwa maneno yake, Prossy aandike. Mtu anayetaka kujua mlikotoka ataubonyeza, na Jumapili utamfungulia mzee ukurasa huo moja kwa moja. Atajiona, na safari hii atajiona akiwa na sababu ya kuwa pale. Wale kumi na wawili wengine wanaondoka. Wakilalamika, waambie uamuzi ni wa Agnes Keji, waniandikie mimi. Nimezoea.

Kabla hamjaifungulia dunia, mpeni Sule aijaribu. Mtume Nabila Ariwara akaikague ile pampu bila kuombwa, na akiwa huko ampe Sule simu, amwambie atafute fundi. Akishindwa, Prossy atengeneze tena. Usibishane naye safari hii, wala na Sule.

Jana nilipoipata ile namba yenu niliiandika kiganjani nikapiga. Nabila alipokea kabla ya mlio wa pili. "Pampu iko na shida gani, mama?" Hakuniuliza mimi ni nani. Nikamwambia sina pampu, nilikuwa najaribu namba tu. "Haya, basi siku ingine," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye ile ilikuwa simu yake ya kwanza tangu asubuhi.

Agnes Keji