Kizee Amegoma Kushuka Garini

Mama watoto,

Mboga iko kwenye friji, pasha tu. Ufunguo wa geti uko pale pale.

Gari nimeondoka nalo, na Kizee yumo. Asubuhi tulirudi salama kutoka kwa daktari wa mifugo, lakini mbwa akagoma kushuka. Amelilalia sweta la binti yetu kiti cha nyuma. Macho hayaoni, pua bado inamjua. Cheka tu, lakini sweta hilo mwaka mzima nimeliacha pale makusudi.

Basi tunampelekea sweta lake. ~~Tutarudi jioni.~~ Tutarudi akituruhusu.

Najua, ni mimi niliyemwambia asikanyage tena hapa. Usimpigie simu, tafadhali. Akifungua mlango amkute Kizee kwanza. Mimi nitabaki garini mpaka aniite.

Baba watoto