Kaburi la Mawe Juu ya Shamba Letu

Jumamosi jioni, chumbani kwangu Tuwan. Mawingu yamekaa mlimani mchana wote na mvua haijashuka. Nimetoka nyumbani kwa mama nikiwa na vumbi miguuni na jiwe moja mkobani.

Juu ya shamba letu, upande wa Mlima Elgon, kulikuwa na rundo la mawe lililonifikia kifuani. Ni kaburi la mmoja wa watu wa kale, waliokaa huku kabla yetu sote. Kila apitaye huongeza jiwe. Nimefanya hivyo tangu utotoni bila kuuliza kwa nini.

Leo nimekuta limebaki nusu. Ndugu yangu Wafula alikuwa anayasomba mawe kwa wilbaro, kujengea msingi wa nyumba ya mama.

Nilimwomba aache. Akapangusa jasho, akacheka.

"Dada, huyo ni babu ya nani? Mwenyewe ajitokeze, nitamrudishia mawe yake."



Nikampigia mjomba simu. Kwetu, kaburi likiguswa, yeye ndiye huongea na marehemu kwanza, amweleze na kumwomba. Akauliza, "Nimwite kwa jina gani? Wa ukoo gani?" Akasema hawezi kuomba ruhusa kwa mtu asiyemjua, wala kumkatalia Wafula kwa niaba yake.

Nilitumaini mama angalau angesita. Ametoka hospitali ya Lugulu juzi, kifua bado kinambana, na paa lake linavuja juu ya kitanda. Alinionyesha doa la maji juu ya kitanda.

"Huyo amelala pakavu miaka yote, mwanangu. Na mimi je?"

Ni mimi niliyemhimiza Wafula aanze kujenga kabla ya mvua. Naitaka hiyo nyumba. Naitaka sana.

Kufikia saa kumi mawe yalikuwa yameisha. Mifupa haikuonekana, na sikujua nishukuru au nilie. Palibaki udongo mweusi, mviringo, na siafu wakikimbia huku na huku.

Nikiondoka niliokota jiwe njiani, kama kawaida. Nilipofika palipokuwa na kaburi, sikuwa na mahali pa kuliweka.

Sasa liko mezani, kando ya taa. Nimeliosha, sijui kwa nini. Nikilirudisha Jumatatu, Wafula atanishukuru na kulitia kwenye msingi.