Kimya cha Mzee Napinga

Maelezo ya shahidi, yameandikwa kituoni Ijumaa tarehe 13, saa nane na robo mchana.

Jina: limo kwenye jalada, wenzangu huniita Mama Orodha. Umri: miaka 43. Kazi: fundi wa kompyuta. Makazi: ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.

Naomba afisa aandike haraka kidogo, maana tangu saa saba sijapata habari kutoka hospitali.

Mimi ni msimamizi wa orodha za barua pepe za watu wanaotumia lugha fulani ya kuandikia programu za kompyuta. Afisa ameuliza kama ni orodha za wadaiwa. Hapana. Ukituma barua moja kwenye orodha, inawafikia wote waliojiandikisha, na yeyote anaweza kujibu. Tunazo tisa, na zimechanganyikana kama nguo za kufua: swali la mgeni liko kwa mabingwa, ugomvi wa mabingwa uko kwenye matangazo. Kazi ya kuzipanga imeniangukia mimi.

Tuna desturi yetu. Mtu akitoa pendekezo, tunangoja siku tatu. Asipotokea wa kupinga, limepita. Kwetu anayenyamaza amekubali.

Mnamo Jumanne tarehe 10, saa nne asubuhi, nilipendekeza orodha ya wanaoanza ifungwe, watu wake wahamie kwenye orodha kubwa. Orodha hiyo imelelewa miaka mingi na mzee mmoja, fundi redio mstaafu anayeishi peke yake mtaa wa nyuma ya kwangu. Tunamwita Mzee Napinga kwa sababu kila barua yake huanza kwa neno hilo. Aliwahi kupinga hata pendekezo la kumshukuru yeye mwenyewe. Kwa hiyo nilijifunga kibwebwe, nikaandaa majibu mapema.

Hakuandika kitu. Leo saa nne wenzangu wakaanza kunipongeza. Mmoja aliandika, "Hongera, Mama Orodha! Mzee kanywea." Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa, nikainuka, nikachungulia dirishani, nikakaa tena. Ndipo nikaona kwenye orodha ya mzee swali la mwanafunzi mmoja, la tangu Jumanne, halijajibiwa. Mzee anaweza kuninunia mimi mwaka mzima, lakini mgeni hamwachi alale na swali lake. Niliogopa.

Nilimpigia simu, haikupokelewa. Mwenzangu mmoja wa orodha akaniandikia, "Muache, kasusa huyo." Nikamjibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nikatoka na kandambili zangu.

Saa tano kasoro nilifika mlangoni kwake. Nilipopiga tena, simu iliita ndani. Jirani yake, fundi cherehani, akaniambia, "Dada, huyo mzee hapendi kusumbuliwa. Rudi kesho."

Nikamwambia, "Kesho ya nani, dada?"

Niliokota tofali, nikavunja kioo cha mlango, nikaingiza mkono, nikafungua. Hapo ndipo jirani alipopiga kelele za mwizi na kuwaita nyinyi. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningepiga kubwa zaidi.

Mzee alikuwa sakafuni kati ya meza na jiko, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Nilipiga magoti nikasema, "Shikamoo mzee, ni mimi." Hakuweza kujibu. Alishika kidole changu, akakikaza. Jirani alipochungulia, kelele zilimkatika, akakimbia kutafuta gari. Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, na kwamba huenda mzee alianguka Jumanne ile ile. Muda wote huo sisi tulikuwa tunahesabu kimya chake kama kura. Hili linaniuma, naomba liandikwe hivyo hivyo.

Mliponileta hapa kwa ajili ya mlango, nikiwa kwenye benchi lenu hapo nje, nilituma barua kwenye orodha zote, nikalijibu pendekezo langu mwenyewe kwa neno moja: Napinga.

Kioo kipya nitakiweka kesho. Afisa ameniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa natazama simu, akasema, "Haya, ukinyamaza naandika umekubali." Nimemwomba asiandike hivyo. Aulize tena, nami nitajibu kwa mdomo.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, wala sijaficha kitu.

Sahihi ya shahidi: imewekwa.

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameulizwa mara mbili, amekubali kwa sauti. Muda wote hakukaa kitini. Saa tisa kasoro muuguzi alipiga simu: mgonjwa bado hasemi, lakini kila anachoambiwa anatikisa kichwa kukataa. Shahidi alilia, akacheka, akaondoka mbio. Shauri la mlango limefungwa.