Mtaro Usio na pa Kuishia

Jumamosi, hapa Mpemba

Bora wasingekuja. Watu wa mtaa walikuja wote na majembe, kama tulivyokubaliana baada ya halmashauri kutuambia mtaro wetu wa maji ya mvua haumo tena kwenye bajeti. Tukaanza kuchimba kutoka kanisani kushuka bondeni, watu wanacheka, nami nikajiona mwenyekiti wa mtaa kweli.

Tulipokaribia chini, Mzee Simbeye akatoka kwake akasimama mbele yetu. Hakugomba.

"Mwenyekiti, mkifika hapa maji ya mtaa mzima yataingia ndani kwangu. Mimi nilale wapi?"

Bila kalavati la kuyavusha chini ya barabara inayopita hapo bondeni, maji yataishia kwake tu. Na kalavati sisi hatuliwezi. Nilipaswa kuliona hilo mapema, lakini nilitaka sana tuwe tumefanya kitu.

Watu wakabeba majembe, wakaondoka mmoja mmoja. Mama Neema, ambaye mvua zilizopita zilimbomolea jiko, alibaki.

"Kwa hiyo na mwaka huu tena, baba?"

"Na mwaka huu tena, mama."

Upande wa Zambia mawingu yalikuwa yameshajaa. Tukaanza kufukia tulichochimba, yeye na mimi, watoto wasije wakatumbukia.