Kupungua Nilikosifiwa

Gongoni, Tabora

Dada yangu mpenzi Mwanamkuu,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Ujiji, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi nipo. Barua hii anakuletea Nassibu, jirani yangu, anayepanda treni kesho. Kwa nini sikupiga simu utaelewa mbele.

Tangu nitoke eda ya marehemu Rashidi, nimerudi kwenye cherehani. Wateja waliponiona walisema nimependeza, nimekuwa mwembamba kama mwari. Hata Awadhi, mdogo wa marehemu, alisema eda imenikaa vizuri. Niliitikia tu. Jioni moja nilibana magauni yangu mikononi na mapajani. Kiunoni sikugusa, maana palikuwa vilevile. Sikujiuliza kwa nini. Siku hizi sijiulizi mengi.

Unamkumbuka Martha wa Kwihara, anayeniletea karanga? Wiki iliyopita alisikia kwamba kwenye zahanati moja huku Cheyo wanapima mwili bure, akaniomba nimsindikize. Yeye ni mnene na alikuwa anaogopa. Mimi nilikwenda kwa sababu alinishika mkono.

Nesi, anaitwa Tekla, alimpandisha Martha kwenye mizani, na Martha akafunika uso kwa khanga. Kisha akasimama peku juu ya mashine inayokadiria mafuta, misuli na maji mwilini. Nesi akamwambia asiogope, sehemu kubwa ya uzito ule ni misuli ya jembe. Apunguze kidogo kiunoni, asiache kutembea. Martha alicheka mpaka akakaa chini.

Nikapanda mimi. Uzito na urefu wangu vilikubaliana, nikadhani yamekwisha. Lakini nesi aliitazama mashine, akanipima tena. Kwa kuwa mashine huweza kudanganywa na maji, akachukua futi kama hii yangu ya kazini akanizungusha kiunoni. Kisha akaniomba niinuke kitini bila kushika popote. Nilishindwa, dada. Martha alinishika kwapani.

“Mizani inajumlisha kila kitu, mama,” nesi aliniambia polepole. “Haisemi kilichoondoka ni nini. Mafuta ya tumboni yapo. Kilichoondoka kwako ni misuli.”

Akaniuliza jana nilikula nini. Nikasema chai. Juzi? Chai na andazi. Akaniuliza tangu lini, na hapo nikainama kutafuta viatu vyangu.

Wewe nakwambia. Tangu tumzike Rashidi sijasikia njaa. Huzuni pia siisikii, wala sijalia. Watu walidhani nina subira. Kila ulipopiga simu kuniuliza nimepika nini, nilikutajia wali na kuku, ugali na mlenda wa karanga, vyakula alivyovipenda yeye. Hakukuwa na kitu jikoni, dada. Maneno yalinitoka kwa urahisi kabisa, na ningepiga simu leo yangenitoka tena. Ndiyo maana nimeandika.

Nesi amenielekeza nile maharage, mayai na dagaa, nipunguze sukari, na nifanye mazoezi ya kuinuka na kukaa hadi miguu irudi. Mwishowe nilimwambia kwamba sisikii kitu, akanipangia pia kumwona daktari. Martha alilala kwangu siku ile, akanichemshia mayai. Nilikula. Sikupata ladha, lakini nilimeza, na asubuhi nikala tena. Sasa amerudi shambani kwake.

Nimeambiwa nisiwe nakula peke yangu. Naomba uje, ukae nami hata wiki chache. Sijui kama nitalia ukifika, wala siwezi kukuahidi mazungumzo. Nitakachoweza ni kuwasha jiko.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Zuwena